Mjerumani wa Nyali, Mjapani wa Shimanzi

Duka la Nyali lina mlango unaofunguka wenyewe
kama umeambiwa nakuja.
Baridi ya mashine, sakafu ya kujitazamia kidevu,
kahawa katika kikombe kisichotosha dole gumba.
Kijana wa mauzo, Mwakio, akanyosha mkono
akamsalimia mume wangu.
Akamwonyesha mume wangu pikipiki.
Akamuuliza mume wangu atasafiri nayo wapi.
Shekue, ambaye hata baiskeli humpa kizunguzungu,
akanitazama kama mtoto aliyeulizwa hesabu.

"Ni yangu," nikasema. "Miaka ishirini na sita
nimeketi Kilindini na redio, naziambia meli za watu:
ingia, ngoja, geuka, tia nanga.
Sasa nataka kugeuka mimi."

Tukaanza upya.
Nisimsingizie: Mjerumani ni mzuri, wallahi.
Mabega ya mchukuzi wa gati, masanduku mawili ubavuni,
kioo cha mbele hupanda na kushuka kwa kidole kimoja,
na hana mnyororo; nguvu zapita ndani ya chuma,
kimya, kama siri ya ukoo.
Mwakio akamwasha.
Sikuusikia mlio kwa masikio. Niliusikia kifuani.

"Na kipuri kikivunjika Marsabit?"
"Wiki sita, mama. Huagizwa."
"Na hizo wiki sita nalala wapi?"
Akacheka, akanipa kabrasha.
Karatasi nzito, yanukia.

Shimanzi hakuna mlango.
Kuna bati lililokunjwa, nyuma yake matangi ya mafuta,
na joto la saa saba limekukalia begani kama deni.
Mjapani kasimamishwa baina ya jenereta na pampu kuukuu,
vumbi kitini, bei kwa chaki.
Fundi ni msichana, Mejumaa, grisi hadi viwikoni.
Hakuniamkia. Aliniuliza urefu.
"Futi tano."
"Panda."
Nikapanda. Miguu ikaning'inia
kama soksi za mtoto kambani.

Akapiga goti na spana namba kumi na saba.
Chai mbili za rangi baadaye nikapanda tena:
kidole kikubwa cha mguu kikagusa saruji.

"Huyu ana aibu zake," akasema, sijamuuliza.
"Taa yake ya usiku ni ya kutafutia sindano.
Kwenye foleni ya feri, Likoni, huchemka,
na moto wote utakupiga paja la kulia.
Mnyororo utake usitake utautia mafuta,
na buibui usiliache likapepea karibu nao.
Boliti zitaliwa na chumvi. Lakini chumvi ya Mombasa
haimwulizi mtu katoka nchi gani."

"Vipuri?"
Akafungua kabati la mbao lililokuwa la vyombo vya nyumbani.
"Hiki. Hiki. Na hiki ninacho viwili.
Na Marsabit yuko Guyo, tulisoma naye chuo. Mpigie."
Nikampigia papo hapo.
Katika simu mlikuwa na upepo, na mbuzi,
na Guyo akiuliza nitafika lini
ili wasinipikie mapema.

Usiku Shekue alipiga hesabu nyuma ya mfuko wa unga:
bei, bima, helmeti, mafuta mpaka Moyale.
Kalamu ikakwama.
"Chukua wa Shimanzi," akasema.
"Yule wa Nyali alinipa mkono mimi."

Nimelipa nusu. Iliyobaki ni mwezi wa nane.

Lakini moyo hausomi risiti.
Jumapili nikitoka sokoni Kongowea
nazunguka njia ndefu, nipite pale penye vioo.
Mlango wanifungukia, mjinga, kila mara.
Baridi yanigusa usoni, kisha yarudi ndani.
Mwakio siku hizi hunisalimia mimi kwanza,
na Mjerumani yuko palepale, kaangaza, hajauzwa.
Nasimama nje, jua mgongoni,
mkononi kikapu cha muhogo na nazi,
na juu yake, kifuniko hakikukazwa vizuri,
mkebe wa mafuta ya mnyororo.